Usiniletee Flashi, Niletee Mkanda

Oya, wana wa Kibiti stendi, wana wa Bungu na Jaribu, na nyie wa Delta mliokaa Nyamisati mnasubiri maji yajae boti isepe: sogeeni hapa. Leo nashusha madini.

Habari ya kitaa ni kukusanya katuni. Sisemi kuangalia. Kuangalia kila mtu anaangalia, hadi mtoto wa chekechea. Nasema kukusanya matoleo. Movie moja unayo kwenye mkanda wa VHS, unayo kwenye VCD mbili, unayo kwenye dividii orijino, unayo na ile iliyotafsiriwa na mwamba wa kibandani. Movie ile ile. Na hazifanani, mwanangu. Hazifanani kabisa.

Kuna mtu hapo ashaanza kucheka. Mwacheni. Huyo ana flashi ya GB 32, imejaa movie hadi kikomo, na hajui hata moja ilitoka mwaka gani.

Tuanze na mfalme. The Lion King, 1994. Majina ya kwetu yamejaa mle: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Mkanda wake wa VHS ulitoka Marekani mwezi wa tatu 1995, ukauza nakala zaidi ya milioni 30. Hakuna mkanda wa video duniani uliouza hivyo. Na kwa kuwa VHS yenyewe ilishazikwa, rekodi hiyo haivunjwi tena na mtu yeyote. Simba kakaa juu ya jabali lake, hashuki.

Sasa utamu unaanzia hapa. Mwaka 2003 Disney wakatoa dividii, toleo la Platinum. Watu wakajua ni mkanda uleule umehamia kwenye sahani. Wapi! Ukichagua toleo maalumu kwenye menyu, Zazu anaimba taarifa yake ya asubuhi, wimbo mzima. Kwenye mkanda wa 1995 hakuna wimbo pale, ndege anaongea tu. Wale mamba wa kwenye wimbo wa Simba mdogo nao wamechorwa upya. Halafu kuna vumbi. Unalijua lile vumbi? Simba kajitupa chini usiku, vumbi na majani yanapanda angani. Kwenye mkanda wa zamani watu wakaapa kwamba wameona herufi tatu za mambo ya kikubwa. Wachoraji wakasema hapana, ni SFX, ndugu zetu wa idara ya madoido walikuwa wanaweka saini yao. Ugomvi wa miaka. Dividii ilipotoka, herufi hazipo. Zimefutwa.

Kwa hiyo ukitaka vumbi lenyewe, huna ujanja. Tafuta mkanda.

Baada ya hapo Simba karudi 2011 na Blu-ray ya Diamond, hadi ya 3D ipo. Karudi 2017 na Signature. Karudi mwezi wa kumi na mbili 2018 na 4K. Kila akirudi ana kava jipya, rangi zimekolezwa upya, kuna kitu kimeongezwa na kuna kitu kimeondolewa. Anayeangalia mtandaoni anapewa ya mwisho tu. Mwenye shelfu anazo zote, anaweza kuzipanga mezani na kukuonyesha lini nini kilibadilika. Huyo ndiye mjuaji. Wengine ni watazamaji.

Na ile ya 2019 yenye simba wanaofanana na wa mbugani? Isogeze pembeni. Simba haonyeshi hata hasira usoni. Kwangu haikai shelfu moja na ya 1994, full stop.

Dingi akiingia geto akaona hivi vitu anasema sentensi yake moja tu: "Katuni ni za watoto." Kila siku. Huyuhuyu akikutana na Tom na Jerry kwenye runinga ya jirani anasimama mlangoni hadi inaisha. Bi mkubwa naye ananiambia bora ningekusanya vyombo. Vyombo! Wazee wa Pwani kabati zima limejaa vikombe vya maua ambavyo hakuna aliyewahi kunywea chai tangu harusi yao, halafu mimi ndiye ninayehifadhi visivyo na kazi.

Na kuna mjomba. Mjomba ni kesi kubwa. Analima mpunga bondeni, anaamia ndege kutoka juu ya dungu. Kweleakwelea wakishuka ni balaa, hilo tunalijua wote tuliokulia Rufiji. Sasa mjomba na wenzake waligundua kwamba sidii ikifungwa kwenye uzi ikapigwa na jua inametameta, ndege wanakimbia. Basi. Makava yakatupwa, sahani zikatobolewa, zikatundikwa shambani. Nimepita pale nimekuta Bongo Movie, nimekuta kaswida, nimekuta Ice Age. Nikakuta VCD ya Simba, CD two, ina kamba ya mgomba kwenye tundu la katikati. Iko fresh. Haina hata mkwaruzo wa maana. Nikamuuliza, "Mjomba, CD one iko wapi?" Akanionyesha kwa kidole upande wa mto.

CD one imekwenda na mafuriko, wanangu. CD two ninayo.

Kwa nini zilikuwa mbili? Wadogo zangu wa flashi hamwezi kujua. VCD ni teknolojia ya mwaka 1993, sahani moja inabeba dakika 74, ukijitahidi 80. Movie ya Simba ina dakika 88 hivi. Haiingii. Kwa hiyo inakatwa. Na anayekata hajali unalia au unacheka. Kwenye kopi nyingi nilizoshika mkasi unapita pale pabaya kuliko pote: Mufasa yuko chini, mtoto anamvuta sikio, kimya... sahani imeisha. Kibanda umiza kizima kinalipuka: "CD two! Weka CD two!" Mwenye kibanda anapapasa gizani, anaitoa sahani, anaifuta na kanzu, anaipuliza, anaiingiza. Deki inasoma. Inasoma. Inasoma. Mtoto aliyekuwa analia kanyamaza, aliyekuwa kanyamaza kaanza kulia. Hiyo haimo kwenye 4K yoyote. Hiyo ilikuwa sehemu ya movie kwa watu wa huku.

Na hapa ndipo ninapowapiga chini wale wakusanyaji wa Dar wanaojimwambafai na makava ya Marekani. Wanadhani toleo ni lile lililotoka kiwandani kwa Disney tu. Mimi nasema hivi: kopi iliyofika Kibiti ni toleo. VCD ya Mchina ni toleo. Kombo ya "20 ndani ya 1" ni toleo. Iliyotafsiriwa ni toleo, tena toleo la heshima. Zina mkato wake, sauti yake, kava lake, na watu walioziangalia. Platinum ya 2003 unaweza kuagiza hata kesho. CD one ya mjomba huagizi popote.

Kumbukeni tulikotoka. Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara tulikaa gizani hadi 1994 vituo vya runinga vilipoanza kurusha. 1994! Mwaka uleule Simba kazaliwa. Kwa hiyo bara sinema za nyumbani zilitangulia runinga. Deki, mkanda, jenereta. Na huku Rufiji ilikuwa ngumu mara mbili. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003; kabla ya hapo ukitaka kuvuka kwenda kusini ni pantoni ya Ndundu, na pantoni ikiwa na yake, mnalala. Mkanda ukitoka Kariakoo hadi uingie Delta umepanda basi, umepanda pikipiki, umepanda mtumbwi, umepita kwenye mikoko na maji chumvi, na bado kuna mtu anataka arudishiwe keshokutwa. Msimu wa kamba ukiwa mzuri vijana wana mkwanja, kibanda kinajaa. Msimu mbaya, jenereta linalala.

Sasa cheki dharau. Movie ya Simba imejaa majina ya Kiswahili, na Disney wakatoa toleo rasmi kwa Kizulu. Kiswahili hakikutoka. Wazulu hongera zao, sina kinyongo. Ila sisi tulijitafsiria wenyewe. Mkongwe wa kazi hiyo Bongo ni Lufufu, jina lake Derek Mukandala. Huyu mzee (mzee pekee ninayempa saluti kwenye makala hii) alikuwa anakaa na movie ya Kizungu, ya Kihindi, ya Kichina, anaingiza sauti yake juu, anasimulia, anaigiza wahusika wote, anaongeza chumvi, anataja mitaa ya Dar kana kwamba Jackie Chan kapanga Manzese. Wasomi wa Ulaya wamekaa wakaandika utafiti juu ya kazi ile. Baada yake wakaja kina DJ Mack. Wasee wa Nairobi wana DJ Afro wao, Kampala wana VJ Jingo. Ni familia moja ya watu waliokataa kukaa wanaangalia midomo ya watu bila kuelewa.

Mimi ninayo katuni ya panda iliyotafsiriwa, na mtafsiri kaamua kwamba yule kobe mzee anaongea Kindengereko. Kobe! Mwenye busara kuliko wote! Kila akifungua mdomo, geto zima linaanguka. Kwenye orijino yule kobe ana busara tu. Kwenye hii ana busara na ana kwao. Unaniambia hilo si toleo? Nenda zako.

Kombo nazo zina maajabu yake. Chukua moja ninayoipenda kuliko zote. Mbele kuna picha ya panda wa Kung Fu, kakunja ngumi. Pembeni yake kuna Shrek, kakatwa vibaya, sikio moja limebaki kwenye picha nyingine. Juu imeandikwa kwa Kiingereza ambacho hakijawahi kuzungumzwa na binadamu. Geuza nyuma: majina ya waigizaji ni ya movie ya vita. Weka kwenye deki: Madagascar ipo, Ice Age ipo, panda hayupo. Panda kauza sura tu. Halafu katikati ya katuni kuna movie ya ngumi ya Hong Kong, imeingia bila kualikwa. Nani alikaa akapanga hii? Huko aliko, namkubali.

Jinsi ya kujua sahani ni ya miaka gani? Angalia stempu. Mwaka 2013 TRA walianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Sahani yenye stempu juu ya kava, hiyo imepita njia halali. Isiyo nayo, ama ni ya kabla, ama imepita kichakani. Usiibandue stempu kwa ajili ya urembo, tafadhali. Mtu akiniletea kava lenye alama ya stempu iliyobanduliwa, nampunguzia hela palepale.

Tukija kwenye bei, hapa tuongee taratibu maana kuna watu wanaliwa.

Kuwekewa movie kwenye flashi ni jero. Poa, lakini siku flashi ikiomba kufomatiwa, umebaki na plastiki. VCD ya zamani kutoka nyumba za watu naichukua kwa buku. Ikiwa na kava safi na stempu, buku mbili. Mkanda wa VHS wa katuni, orijino, ganda gumu, nafika hadi msimbazi na sioni uchungu. Deki ya VHS ndiyo kimbembe. Kampuni ya mwisho duniani kutengeneza, Funai ya Japani, ilifunga kazi 2016. Kwa hiyo zilizopo ndizo zilizopo. Fundi anayejua kusafisha hedi mlee, mnunulie soda, muulize habari za watoto.

Kwenye bei, kinachonichefua ni hizi hadithi za "almasi nyeusi". Mikanda ya Disney ya 1984 hadi 1994 ilikuwa na kialmasi cheusi ubavuni, ya kwanza ikiwa Robin Hood. Mtandaoni utakuta mtu kauweka mmoja kwa maelfu ya dola. Mchizi mmoja wa Ikwiriri kaona, kakimbia kuchimbua stoo ya bibi yake, kaniita usiku eti tumekuwa matajiri. Tulia. Ile mikanda ilichapwa kwa mamilioni. Kuweka bei ni kitu kimoja, kupata mtu wa kuilipa ni kingine kabisa, na mikanda mingi ya aina ile huenda kwa dola chache. Kinachopandisha thamani ni uchache na kasoro.

Kasoro, ndiyo. Chukua The Rescuers, ile ya panya wawili. Januari 1999 Disney waliita mikanda milioni 3.4 irudishwe, kwa sababu kwenye fremu mbili tu, dirishani nyuma, kuna picha ya mwanamke kifua wazi. Fremu mbili! Jicho la kawaida halioni, lazima usimamishe. Kava la The Little Mermaid la 1990 nalo lina mnara wa kasri ambao wazazi waliukodolea macho wakaanza kuhema. Matoleo ya baadaye mnara haupo.

Ila linalotuhusu sisi wa Pwani ni Aladdin. Ilivyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema 1992, wimbo wa kufungulia ulikuwa na mstari unaowachora Waarabu kuwa ni watu wa kukata masikio. Waarabu wa Marekani wakacharuka. Mkanda ulipotoka 1993, mstari umebadilishwa. Sisi tuliokwenda madrasa asubuhi na kibandani jioni, tulikua na ule uliosafishwa na tusingejua kamwe kulikuwa na mwingine. Nilipolijua hilo ndipo nilipoacha kuona hii kazi kama mchezo. Wenye movie wanaweza kuirekebisha jana yako, na ushahidi unabaki kwa mtu mwenye nakala ya zamani.

Disney wenyewe wanajua. Walikuwa na mtindo wao: wanatoa movie, wanaiuza kwa muda, halafu wanaifungia kabatini miaka kadhaa hadi watoto wengine wakue, wanaitoa tena na kava jipya. Biashara kali. Ndiyo maana kuna matoleo mengi.

Ukitaka kuagiza kutoka nje, fungua macho. Dividii zina kanda. Ya Marekani ni kanda ya 1, Uingereza ya 2, sisi Tanzania tuko ya 5. Ukiagiza ya Marekani ukaiweka kwenye deki ya jina kubwa ambayo mzee aliinunua kwa mbwembwe, inakukatalia. Ukiiweka kwenye deki ya Mchina ya bei ya mihogo, inacheza bila maswali. Mzee haamini hadi leo.

Na kuna mzigo mmoja wa nje ambao kila shelfu la Bongo linapaswa kuwa nao: Tinga Tinga Tales. Michoro ile ni damu yetu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alichora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya mbao, akafariki Dar mwaka 1972. Mwaka 2010 mtindo wake ukawa katuni kwenye CBeebies ya Uingereza, imechorwa na Homeboyz pale Nairobi, vipande 52. Mchoro wa Bongo, studio ya Kenya, dividii za Uingereza. Ni za kanda ya 2, kwa hiyo deki ya Mchina inahusika. Ubongo Kids ya Dar, iliyoanza TBC1 mwaka 2014, nayo naifuatilia kwa karibu. Nakala yoyote iliyokaa kwenye kitu cha kushika mkononi, naitaka.

Sasa aibu. Kuna mambo ukifanya usiseme umetoka Kibiti.

Kurundika sahani tupu kwenye mfuko wa rambo. Aibu. Kupiga fotokopi ya kava, nyeusi na nyeupe, ukaita orijino. Aibu. Kuweka mikanda juu ya sabufa ili geto lionekane. Mwanangu, sabufa lina sumaku na mkanda unaandikwa kwa sumaku, unaupika hivyo. Kupaka sahani dawa ya meno bila kujua tatizo liko upande gani, hiyo nayo. Hapa wengi mnazingua: kwenye VCD taarifa zimekaa juu, chini tu ya karatasi ya jina. Mkwaruzo wa upande unaong'aa mara nyingi unapona. Mkwaruzo wa upande wa jina umeua. Kwa hiyo yule anayeandika "KATUNI YA ASHA USIIBE" kwa kalamu ya wino juu ya sahani ndiye muuaji mwenyewe. Dividii ni tofauti, taarifa ziko katikati ya matabaka mawili, ina uvumilivu zaidi.

Adui mkubwa huku kwetu ni unyevu. Nyie wa Salale, wa Mbwera, wa Msala, hewa yenu ina chumvi muda wote. Shika mkanda, tazama kingo za utepe kupitia kile kidirisha. Ukiona utando mweupe mithili ya nyuzi, ni ukungu. Usiuweke kwenye deki. Nasema tena, usiuweke. Utaharibu hedi na utaambukiza kila mkanda utakaofuata. Mikanda isimame wima, imerudishwa mwanzo yote, mahali pakavu, mbali na ukuta wa udongo. Sahani ifute kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kanzu ya mwenye kibanda tumeiheshimu, lakini zama zake zimepita.

Wazee watasema mnapoteza hela kwa takataka. Basi waulizeni kuhusu Königsberg. Manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye Delta yetu, ikazamishwa mwezi wa saba 1915. Miaka nenda rudi, yale yalikuwa machuma chakavu kwenye matope. Leo mzinga wake mmoja uko Fort Jesus Mombasa, mwingine uko Pretoria, watu wanapiga nao picha. Rufiji tumebaki na hadithi. Kila mzee wa Delta anaisimulia kwa majivuno, na hana hata msumari wa ile meli. Ndivyo kitu kinavyoondoka: wenyewe wanakiita takataka, mgeni anakiita makumbusho. Sikubali kwamba ikifika 2050 mtu atake kujua watoto wa Rufiji waliangalia nini, akalazimike kwenda kuuliza Ulaya.

Wana tuliojikusanya hapa Kibiti tuna utaratibu. Jumapili jioni, geto moja, movie moja, matoleo mawili au matatu tunayaweka kwa zamu. Mkanda kwanza, kisha VCD, kisha iliyotafsiriwa. Tunabishana hadi umeme unakatika. Demu mmoja wa Mkuranga ana jicho kiwazimu. Aliona kwamba kwenye VCD ya Shrek anga la usiku limegeuka kijani, kisha akatueleza kwa nini: picha ya VCD imebanwa mno, sehemu za giza ndizo zinazoumia kwanza. Wavulana wote kimya. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayesema mkanda upi unaingia na upi unatoka. Korosho zikiuzwa vizuri msimu huu, tunanunua deki ya pili.

Kwa hiyo kazi ni kwako. Leo ukifika nyumbani, panda darini, fungua sanduku la bibi, chungulia uvunguni. Mkanda wa katuni, VCD, kombo, iliyotafsiriwa, hata ganda tupu lenye kava: usiuze kwa wa skrepa, usimpe mjomba. Nipate Kibiti stendi, mtaje mpenda katuni, bodaboda wote wananijua. Nalipa taslimu, palepale. Na mwenye CD one ya Simba, bei ataje mwenyewe.